Uso wa Kaisari na Uzito wa Fedha



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 22, imeelezwa kwamba Nabii Isa (a.s.) alipoulizwa habari ya kodi alitaka aonyeshwe dinari, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Dinari ilikuwa sarafu ya fedha ya Warumi, na huenda ile ilikuwa na kichwa cha Kaisari Tiberio. Swali hilo lafaa kuulizwa hata leo Shinyanga na Geita, kwani katika masanduku ya wazee rupia za Mjerumani hazijaisha.

Itwae moja uitazame. Tangu 1890 rupia hiyo ilitiwa kichwa cha Kaisari Wilhelm II, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na pembeni maneno haya ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Kwa nini Kilatini, hali Mjerumani ana lugha yake? Ni kwa sababu cheo cha imperator ndicho walichojiandikia Makaisari wa Roma katika sarafu zao. Mtawala wa Berlin alitaka Msukuma amwone kuwa ni Augusto mwingine!

Lakini uso haufanyi fedha. Mchimbaji wa Geita alijua hili, maana dhahabu yake hutiwa katika mizani. Augusto alitoa dinari 84 kwa ratili moja. Mwaka 64 Nero akatoa 96, tena akapunguza usafi wa fedha yenyewe. Ilipofika miaka ya 260, zama za Gallienus, sarafu ilikuwa karibu shaba tupu iliyopakwa fedha kidogo, na kichwa cha Kaisari kimevikwa taji lenye miali kama jua. Watu wakazificha zile za zamani.

Nasi yalitufika hayo. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya 1921 hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha, na mfalme akaitwa humo IND: IMP:, yaani Kaisari wa India. India ikajitawala 1947. Shilingi ya 1948 imeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX, mfalme tu, wala haina fedha hata chembe. Cheo na fedha viliondoka pamoja, uso ukabaki.

Basi akikujia mtu anayetaka ng'ombe kwa "fedha safi ya mkoloni", kwanza soma mwaka na maandishi. Ikiwa ni rupia nzima, ipime: yapasa kukaribia gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 fedha ni 917. Ila usiikwaruze kwa tupa, kwani wakusanyaji wa sarafu huishusha bei iliyokwaruzwa.