Naitroksi kwa Mbizi za Maji Mafupi: Ni ya Mgeni au ya Kiongozi?

Mwalimu, naitroksi ni nini hasa?

Ni hewa iliyoongezwa oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mtungi wa naitroksi kwa kawaida huwa na 32 au 36. Oksijeni ikipanda, naitrojeni inapungua, na naitrojeni ndiyo inayotuwekea mipaka ya muda chini ya maji.

Nina siku tatu kisiwani Mnemba, Zanzibar, mbizi mbili kila asubuhi, mita 12 hadi 18. Nilipie?

Hapana, tunza fedha yako. Tupige hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400. Toa baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, akifika mita 18 anavuta lita 56, kwa sababu shinikizo huko ni mara 2.8. Dakika 32, mtungi umefika kwenye akiba. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, linampa dakika 56 kwa mbizi ya kwanza ya kina hicho! Hewa inamtoa majini mapema, kabla naitrojeni haijamtoa, na naitroksi haiongezi pumzi hata moja. Mbizi ya pili muda hupungua, lakini ukipumzika botini saa moja na nusu, kisha ukashuka kina kidogo zaidi, kwa kawaida unakutosha.

Wenzangu wanasema huwa hawachoki wakiitumia.

Sibishani na mtu anavyojisikia. Ila watafiti wa Australia waliipima hoja hiyo mwaka 2003, kwa wapiga mbizi walioshushwa hadi mita 18 ndani ya chumba cha shinikizo, na hawakuona tofauti.

Sasa inamfaa nani?

Kiongozi wa mbizi. Huyu hushuka mara tatu kwa siku, msimu mzima. Anatangulia kufunga kamba ya boya, anapanda na kushuka kumfuata mwanafunzi aliyeshikwa na hofu. Pumzi yake imetulia, kwa hiyo mtungi wake haumwokoi kama unavyomwokoa mgeni. Naitrojeni ya asubuhi haijamtoka, anaongeza ya mchana. Kwa asilimia 32, mita 18 mwili wake unazihesabu kama mita 14 za hewa ya kawaida, na jedwali lilelile linatoa dakika 98 kwa mita 14. Asiutumie muda huo wote. Auache uwe akiba ya usalama wake. Inaniuma kuona mgeni wa siku mbili anapewa naitroksi, na kijana aliyembebea mtungi anashuka na hewa ya kawaida. Mwenye kituo, anza na huyo kijana.

Hatari yake iko wapi?

Kwenye kina. Shinikizo la oksijeni likizidi huleta degedege, na degedege chini ya maji ni kuzama. Kwa asilimia 32 usivuke mita 33. Kwa 36, mita 28. Pima mtungi wako mwenyewe kwa kipima oksijeni, hata kama aliyeujaza ni ndugu yako wa damu, kisha uandike juu yake asilimia na kina cha mwisho. Panda polepole kama kawaida, usimame mita 5 kwa dakika 3, na baada ya siku za mbizi nyingi ngoja saa 18 kabla ya kupanda ndege.