KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU: SOMO LA MAJI YA KAHAWA KATIKA MAIKROWEVU

Najua wengi mlipoona methali hapo juu mlidhani nitafafanua maana yake kisha nitunge kisa, kama tufanyavyo katika insha. La hasha! Leo methali hii nitaifafanua kwa fizikia. Somo langu ni moja tu, nalo ni hili: maji yaliyotulia kikombeni yaweza kuwa moto kupita maji yanayotokota kwenye sufuria.

Pengine utauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa shule ya kutwa huku Embu? Yanatuhusu sana. Sisi na ndugu zetu wa Meru ni watu wa kahawa. Wakati wa ukoloni kilimo cha kahawa kilikuwa cha walowezi, na Waafrika walikatazwa kuipanda. Katika miaka ya 1930 ndipo serikali ya wakati huo ilipoanza kuwaruhusu Waafrika, na Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza pamoja na Kisii. Hata hivyo, ukizunguka vijiji vyetu leo utaona kwamba kahawa twaichuma na kuiuza, lakini mezani tunaweka chai. Kahawa tunayoinywa aghalabu ni ile ya unga, ambayo hukorogwa tu katika maji moto. Siku hizi maji hayo yanapashwa kwa maikrowevu maofisini, hotelini na hata katika nyumba za watu wa kawaida. Chombo kimefika kabla ya mafunzo yake.

DALILI TULIYOFUNZWA NYUMBANI

Mama akiuliza kutoka nje, "Yamechemka?" sisi huchungulia sufuria. Kwanza maji huimba. Halafu viputo vidogo hutoka chini, kisha vikubwa, na mwishowe maji yote hugaagaa na kutoa mvuke. Hapo tunajibu, "Ndiyo, yamechemka." Hatuna kipimajoto jikoni. Viputo ndivyo kipimajoto chetu, na kwa jiko la makaa au mafiga matatu havijawahi kutudanganya.

Taabu ni kwamba tumezoea kusema hivi pia: kama hakuna viputo, basi maji bado. Kwenye moto maneno haya ni kweli. Kwenye maikrowevu si kweli hata kidogo.

YALIYOMPATA DADANGU

Dadangu ameajiriwa katika ofisi moja kuwatengenezea wakubwa chai na kahawa. Birika la stima lilipoharibika, ilinunuliwa maikrowevu iliyotumika. Hakuna aliyemwonyesha lolote ila kidude cha kuwashia. Siku moja alitia maji katika kikombe kipya cha glasi, akayapasha kwa dakika kadhaa, akachungulia. Hakuona kiputo hata kimoja. Akarudisha tena kwa dakika mbili. Alipokitoa maji yalikuwa yametulia tuli kama ya mtungini. Akamimina kijiko cha kahawa, na papo hapo maji yakaruka juu kama chemchemi, yakamchoma kiganja na kifundo cha mkono. Kikombe kilianguka, kikavunjika.

Waliokuwapo walisema kila mtu lake. Mmoja alisema ati dadangu ni mzembe, alikitingisha kikombe. Mwingine alisema mashine ina stima iliyoingia majini. Mwisho wa mwezi alikatwa pesa za kikombe. Mamangu naye akaapa kwamba hataki kusikia habari za mashine hiyo tena. Mimi nililipeleka swali kwa mwalimu wetu wa fizikia, na majibu niliyoyapata ndiyo ninayowaletea. Hapana uzembe hapo, wala stima haikuingia majini. Ni tabia ya maji yenyewe.

MAJI HUCHEMKA KWA NYUZI NGAPI?

Darasani ukiuliza swali hili wote hujibu kwa sauti moja, "Mia moja!" Mwalimu alituongoza hadi maabara, tukachemsha maji, na kipimajoto kikagoma kwenye nyuzi 95 za Selsiasi. Tulipuliza moto zaidi, lakini hakikupanda. Wengine walidhani kipimajoto ni kibovu.

Kumbe nyuzi 100 ni za watu wa pwani. Maji huchemka pale mvuke wake unapokuwa na nguvu ya kushinda uzito wa hewa iliyo juu yake. Mombasa iko kando ya bahari, hewa ni nzito, kwa hiyo maji hungoja mpaka nyuzi 100. Mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kila mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu uzi 1. Ndiyo sababu Embu na Meru maji huchemka karibu nyuzi 95. Kule kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985, yangechemka kwa nyuzi 83 hivi.

Sasa tega sikio. Mtu wa Mombasa akiwa na maji ya nyuzi 100, hayo ndiyo yanaanza kuchemka. Mtu wa Embu akiwa na maji ya nyuzi 100 ndani ya kikombe kilichotulia, maji hayo yamekwisha pita mpaka kwa nyuzi 5. Yanadaiwa mchemko, na deni hilo yatalilipa kwa ghafla.

KWA NINI YANYAMAZE?

Kiputo hakizaliwi popote. Kinahitaji mahali pa kuanzia: mkwaruzo, punje ya vumbi, au kijitundu chenye hewa kidogo. Sufuria zetu zimesuguliwa kwa mchanga na majivu miaka mingi, zimejaa mikwaruzo. Tena sufuria ikiwa motoni, sehemu yake ya chini ni moto kuliko maji. Kwa hiyo viputo huanzia pale chini bila shida.

Maikrowevu haina moto. Inatumia mawimbi, jamaa ya mawimbi ya redio. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945 huko Marekani, Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon, alikuwa karibu na mitambo ya rada alipogundua kwamba chokoleti mfukoni mwake imeyeyuka. Kutokana na hayo, mashine ya kwanza ya kupikia kwa mawimbi iliuzwa mwaka 1947. Mawimbi hayo hupita katika kikombe cha glasi au cha udongo na kuyapasha maji yenyewe moja kwa moja. Kikombe hupata joto kutoka kwa maji, wala si maji kutoka kwa kikombe. Kama kikombe ni kipya na laini, viputo havina pa kuanzia. Maji hupanda nyuzi kimya kimya. Yakipashwa mara ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu hewa iliyokuwa ndani yake ilikwisha toka mara ya kwanza.

Halafu mtu anakuja na kijiko, sukari au kahawa ya unga. Kila punje ni mahali pa kuanzia, tena maelfu kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo mshindo mkuu.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Wenzangu wa Kidato cha Tatu wanajua kwamba kilo 1 ya maji inahitaji jouli 4,200 ili kupanda uzi 1. Kikombe cha robo lita ni kilo robo. Nyuzi 5 za ziada basi zina:

4,200 × 0.25 × 5 = jouli 5,250.

Kugeuza gramu 1 ya maji yaliyofika mchemko kuwa mvuke kunahitaji karibu jouli 2,260. Kwa hiyo joto hilo la ziada laweza kugeuza gramu 2 na kitu kidogo kuwa mvuke. Utasema, "Gramu mbili tu! Hata nusu ya kijiko cha chai haifiki." Sawa, lakini gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1 na nusu. Basi ndani ya kikombe cha robo lita panazaliwa mvuke wa zaidi ya lita 3 kwa kufumba na kufumbua. Utakaa wapi? Hutoka kwa nguvu, nao hutoka na maji moto.

Hesabu ya pili ni ya muda. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 95, kikombe hicho kinahitaji 4,200 × 0.25 × 75, yaani jouli 78,750. Maikrowevu inayotoa wati 700 itachukua sekunde 112, hazifiki hata dakika 2. Kwa dakika 1 na nusu maji yatafika nyuzi 80 hivi, nazo zatosha kabisa kuyeyusha kahawa. Anayeweka dakika 5 anatafuta balaa.

HATUA ZA KUFUATA

Mosi, soma wati za mashine, zimeandikwa nyuma au mlangoni. Kama ni 700, kikombe kimoja ni dakika 1 na nusu. Kama ni zaidi, punguza muda.

Pili, kabla ya kuwasha, tia kijiti safi cha mbao au mwiko mdogo wa mbao ndani ya kikombe, na ukiache humo. Mbao ina vijitundu vyenye hewa, na viputo vitaanzia hapo. Katika maabara ya kemia tunapokeneka tunatia vipande vya kigae kwa sababu hiyo hiyo. Kama hakuna kijiti, tia sukari au kahawa kabla ya kupasha, si baada.

Tatu, usitumie sufuria, kikombe cha bati wala vile vya enameli tulivyozoea nyumbani, kwa kuwa ndani yake ni chuma na chuma huweza kutoa cheche. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu pia ni hivyo hivyo. Mikebe ya plastiki nyembamba nayo huyeyuka.

Nne, usifunike kikombe kwa kifuniko kinachokaza.

Tano, mashine ikizima, ngoja dakika 1 kabla ya kugusa kikombe. Kisha shika kwa kitambaa, uso ukiwa kando, usikitingishe. Koroga kwanza kwa kile kijiti, ndipo utie kitu kingine.

Sita, usirudishe maji yaliyotulia ati kwa sababu hukuona viputo. Kama yamekaa yakapoa, mwaga, utie mapya.

Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani nayo imewaonya watu wake juu ya maji haya, baada ya kupokea ripoti za watu walioungua mikono na nyuso. Kwa hiyo msidhani ni ushamba wetu. Hata waliovumbua chombo wanaungua.

Tafadhali, asiwepo mtu wa kujaribu kuyafanya maji yaruke makusudi ili aone.

MTU AKIUNGUA

Weka mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna mfereji, mtu ammwagilie polepole kwa jagi. Vua pete, saa na bangili mapema kabla ya kuvimba. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala yai, ingawa hata wazee wetu tunaowaheshimu hutuambia hivyo. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na huleta uchafu kwenye kidonda. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati au hospitali, hasa akiwa ni mtoto au akiwa ameungua uso.

HITIMISHO

Nawaomba wanaowatuma wengine jikoni, wawe ni wazazi, wakubwa wa ofisi au sisi tulio na wadogo wetu, tusilete chombo kipya bila maelezo kisha tumlaumu aliyeungua. Maelezo hayo yaandikwe kwa lugha anayoielewa mtumiaji, ikiwa Kiswahili, Kimeru au Kiembu, yabandikwe ukutani. Karatasi moja ni rahisi kuliko mkono wa mtu.

ZOEZI

1. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiria kiwango cha kuchemka kwa maji mjini humo.

2. Kikombe cha gramu 300 kina maji yaliyopita mchemko kwa nyuzi 4. Tafuta gramu za mvuke zitakazozaliwa kwa ghafla.

3. Eleza kwa nini kijiti cha mbao kinafaa kutiwa kabla ya kupasha wala si baada.

4. Tunga sentensi mbili za kumweleza bibi yako, bila neno lolote la fizikia, kwa nini maji matulivu yaogopwe.

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote. Atakayelipata alete jibu lake kwenye mkutano wa chama, tulisome pamoja.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu