Piga Hodi Kabla ya Kuichunguza Gridi

"Shikamoo dada. Mimi ni mhandisi wa umeme, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu Ulaya. Nataka kuchunguza usalama wa gridi ya umeme ya kwetu, hasa hatari ya wadukuzi. Nimeandikia ofisi kadhaa kuomba takwimu, hakuna hata moja iliyonijibu. Mjomba wangu anasema nikiendelea nitaonekana jasusi. Rafiki yangu wa kompyuta anasema niachane na vibali, yeye atanionyesha mitambo iliyo wazi mtandaoni nijichotee ninachotaka. Dada, nishike la nani? Msomaji wa Morogoro."

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Nchi zetu zinajenga mabwawa, mabomba na njia za umeme, na tunawahitaji watu wetu wenyewe wanaojua kuvilinda. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua wapo wengine wenye ndoto kama yako na wamekwama palepale ulipokwama.

La kwanza nalisema kwa ukali wa dada: njia ya rafiki yako usiifuate, hata kwa kuchungulia tu. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa. Tanzania limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya wana sheria yao ya mwaka 2018. Lakini sheria ni nusu tu ya sababu. Vifaa vingi vinavyoongoza swichi na mitambo ni vya zamani, vilitengenezwa kupokea amri chache kutoka mahali panapojulikana. Vipo ambavyo hukwama vikiulizwa maswali mfululizo na programu ya kupekua mtandao. Kompyuta ya ofisini ikikwama, unaizima na kuiwasha tena. Kifaa cha kituo cha kupozea umeme kikikwama, huenda kuna fundi juu ya nguzo anayetegemea swichi ibaki ilivyo, na huenda kuna mama yuko chumba cha upasuaji.

Wanaotaka kujua uharibifu unavyotokea hujaribu kwenye mali yao. Mwaka 2007 maabara ya Idaho National Laboratory, Marekani, ilitaka kujua kama amri za kompyuta peke yake zinaweza kuvunja jenereta. Walichukua jenereta ya dizeli ya megawati 2.25 waliyoiandaa kwa kazi hiyo, wakawa wanafungua na kufunga swichi yake kwa wakati usiolingana na mwendo wa gridi. Ikatikisika, ikafuka moshi, ikaharibika. Jaribio hilo, linaloitwa Aurora, linatajwa mpaka leo katika fani hii, na hakuna mteja aliyelala gizani kwa ajili yake.

Sasa kuhusu ofisi zilizokaa kimya. Jifanye wewe ndiye meneja. Unapokea barua ya mtu usiyemjua anayeomba michoro ya vituo, mipangilio ya rilei (vifaa vinavyotoa amri ya kukata umeme hitilafu ikitokea) na kumbukumbu za hitilafu, ili azipeleke chuo cha nje. Ungempa? Mimi nisingempa. Wenzako wa fani nyingine huanza kwa kutafuta takwimu. Wewe utaanza kwa kutafuta kuaminiwa, na kuaminiwa huko ndiko kutakakoamua swali lako, njia yako ya utafiti, na hata unachoruhusiwa kuandika. Ukilikubali hili mwaka wa kwanza, miaka inayofuata itakuwa myepesi zaidi.

Kwa hiyo chagua swali ambalo sehemu kubwa ya ushahidi wake haihitaji siri ya mtu. Nitakupa mfano wa nyumbani. Mei 2008 umeme unaotoka bara kwenda Unguja kwa kebo ya baharini ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 mambo yakajirudia, safari hiyo mpaka Machi 2010. Wengi tungedhani utafiti wa tukio kama hilo lazima uanzie kwenye kebo. Mchumi Alfredo Burlando alianzia wodi ya uzazi. Kwa kutumia rekodi za watoto waliozaliwa, alionyesha katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2014 kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza lile la 2008 walizaliwa na uzito mdogo zaidi, na akaihusisha hali hiyo na kipato kilichopotea kwa watu ambao kazi zao zinategemea umeme. Hapakuhitajika mchoro hata mmoja wa kituo. Na kwa matokeo kama hayo unaweza kumwambia waziri yeyote kwa nini kisiwa chenye kebo moja tu ya kutegemea kiko hatarini.

Mfano wa pili ni wa majirani zetu. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajitoa, mitambo mingine ya kituoni ikazidiwa, zikapotea zaidi ya megawati 180, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Magazeti ya dunia yaliandika kuhusu tumbili, ambaye alinusurika. Mtafiti anauliza jambo jingine: kwa nini kupotea kwa kituo kimoja kuliiangusha gridi nzima?

Hapo ndipo penye shahada yako. Gridi zetu huenda kwa masafa ya hezi 50. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, masafa hushuka. Kukiwa na akiba ya uzalishaji iliyo tayari, au rilei zikiwahi kukata sehemu ya wateja, gridi husimama. Vyote viwili vikikosekana, mitambo iliyobaki hujitoa ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine, mpaka giza linaenea kote. Sasa angalia nyumbani: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Mtambo mmoja tu ni mkubwa kuliko kiasi kilichotangazwa kupotea Gitaru siku ile. Tena gridi za Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 inayopita Isinya hadi Singida, kwa hiyo jirani anaweza kukuokoa, na tatizo lake linaweza kukufikia. Akiba kiasi gani inatosha? Nani akatwe kwanza, na hospitali zilindwe vipi? Maswali hayo unaweza kuanza kuyajibu kwa mifumo ya majaribio ya IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, kama ile ya nodi 39 au 118, ambayo iko wazi kwa mtafiti yeyote. Ukishaonyesha kwamba njia yako inafanya kazi hapo, ndipo unabisha hodi kwa shirika ukiwa na kitu mkononi.

Najua moyo wako uko kwa wadukuzi, na mimi siuzimi. Ila lisome vizuri tukio la Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015, kampuni tatu za kusambaza umeme zilivamiwa. Mlango ulikuwa barua pepe zenye viambatisho vya hila, zilizofunguliwa na wafanyakazi miezi kadhaa kabla. Siku yenyewe, waongozaji waliona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe na kuzima vituo, huku simu za huduma kwa wateja zikijazwa simu za bandia ili watu wasiweze kutoa taarifa. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme. Wengi husimulia mpaka hapo tu. Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata: umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi waliendesha magari mpaka vituoni wakawasha swichi kwa mikono. Walikuwa bado wanajua kufanya hivyo.

Je, sisi tukiendelea kuweka vituo vinavyoongozwa kwa mbali, mafundi wetu watabaki na ujuzi huo? Wanaufanyia mazoezi lini? Magari na redio za mawasiliano zipo? Hilo ni swali zuri la uzamivu, nalo halihitaji uvunje nywila ya mtu. Linahitaji ukae na watu wa zamu.

Jambo moja la kitaalamu usiliache. Wahandisi tumefundishwa kuhesabu ajali kwa uwezekano: kifaa hiki kinaweza kuharibika mara moja katika elfu, na cha akiba vilevile, kwa hiyo vyote viwili kwa pamoja ni mara moja katika milioni. Hesabu hiyo inasimama pale tu vifaa vinapoharibika kila kimoja kwa sababu zake. Mtu mwenye nia mbaya hafuati bahati nasibu, anavipiga vyote viwili saa ileile. Mwaka 2017 katika kiwanda cha kemikali za mafuta Saudi Arabia iligunduliwa programu haribifu iliyoitwa Triton. Ililenga vidhibiti vya Triconex, ambavyo kazi yake ni kuzima mtambo hali ikiwa hatari. Yaani mshambuliaji alikwenda moja kwa moja kwa mlinzi wa mwisho wa maisha ya watu. Baada ya tukio kama hilo, anayechunguza ajali peke yake na anayechunguza udukuzi peke yake wote wana pengo. Omba wasimamizi wawili, mmoja wa mifumo ya umeme na mmoja wa ulinzi wa kompyuta, na uhakikishe wanakutana nawe pamoja. Ukiwaona kila mmoja kwa siku yake, utaandika tasnifu mbili.

Sasa namna ya kupiga hodi. Anza na kibali cha utafiti mapema. Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, na kamati ya maadili ya chuo chako ina fomu zake pia. Huo ndio utambulisho wako mbele ya meneja yule asiyekujua. Kisha mwandikie shirika unachotoa kabla ya unachoomba. Waambie hutahitaji majina ya vituo, na kwamba hesabu nyeti mnaweza kuzifanyia ofisini kwao, kwenye kompyuta yao, wewe ukaondoka na matokeo tu. Waahidi kwamba wataisoma rasimu kabla haijachapishwa, wakiwa na haki ya kuondoa taarifa za hatari. Hapo hapo weka mpaka kwa maandishi: hawana haki ya kubadilisha hitimisho lako. Ukiwa mwepesi kwenye hilo, utarudi na kitabu cha kumsifia mfadhili.

Na kwa kuwa unasomea nje, muulize msimamizi wako maswali haya bila aibu: takwimu za nchi yangu zitahifadhiwa kwenye seva ya nani? Nani mwingine ana ufunguo? Mradi ukiisha zinafutwa lini? Mfadhili ana haki gani juu yake? Kama hakuna anayeweza kukujibu, usizisafirishe. Gridi hiyo ndiyo inayomwashia taa bibi yako.

Ukifika kwa mafundi wa zamu, nenda kwa adabu ileile uliyonisalimia nayo. Wengi wao wamewasha na kuzima vituo hivyo tangu wewe uko shule ya msingi. Watakueleza ni kengele gani hulia kila siku mpaka hakuna anayeishughulikia, na ni mwongozo gani upo ukutani lakini haufuatwi kwa sababu haufai. Hawatakueleza kama wanahofia maneno yao yatafika kwa bosi. Kwa hiyo usirekodi bila ruhusa, usiandike majina, na usimtaje mtu kwa zamu yake kwenye kituo chenye watu watatu, maana kila mtu atajua ni nani. Fundi mmoja akifukuzwa kazi kwa sababu ya nukuu yako, umemuumiza yeye na umewafungia mlango watafiti wote watakaokuja nyuma yako.

Ukigundua udhaifu wa kweli, na siku hiyo itafika, mwenye mali ajue kwanza. Mpe muda wa kurekebisha, andika kumbukumbu ya kila mawasiliano, na mhusishe msimamizi wako tangu siku ya kwanza. Usiuweke kwenye mada ya mkutano ili ushangiliwe. Andika aina ya udhaifu na dawa yake, acha anwani.

Mjomba wako mheshimu, hofu yake ina mapenzi ndani yake. Mwonyeshe kibali chako, mweleze swali lako kwa Kiswahili chepesi mpaka alielewe. Mtafiti anayeweza kueleza kazi yake yote mbele ya mjomba, mkuu wa kituo na jaji hana sababu ya kuogopa kuitwa jasusi.

Basi, wiki hii usiandike barua nyingine ya kuomba takwimu. Andika ukurasa mmoja wenye tukio moja lililokwisha kutokea, swali moja, na jina la kitengo kitakachofaidika na jibu. Ukipeleka, omba nusu saa ya kusikilizwa, faili zitakuja baadaye. Usipojibiwa, rudi tena na barua ya chuo mkononi.

Na nyinyi wasomaji wangu mlio kwenye mashirika ya umeme, gesi na mafuta, neno hili ni lenu pia. Ukraine wangeweza kulificha tukio lao, lakini walieleza yaliyowapata, na wahandisi wa dunia nzima wakajifunza kwao. Msomaji wetu wa Morogoro, au kijana mwingine kama yeye, akiwafikia na ukurasa wake mmoja na kibali chake, mkaribisheni ndani. Kwa kumkalisha na kumsikiliza, mnajijengea mtu wenu wa kuwasaidia siku gridi itakapoyumba.