Mjasiriamali ni nani? Somo kwa vikundi vya Tosamaganga na vijiji jirani



Katika semina za vikundi tumezoea kuanza na salamu ya "Wajasiriamali oyee!" na ukumbi mzima hujibu "Oyee!" Lakini mwezeshaji akiuliza, "Mjasiriamali ni nani?", ukumbi hunyamaza kidogo. Mmoja atasema ni mtu mwenye biashara ndogo. Mwingine atasema ni mtu ambaye hana ajira. Wa tatu atasema ni mtu aliyechukua mkopo.

Somo hili linajaribu kujibu swali hilo kwa sababu jibu lake lina gharama. Mtu akiitwa mjasiriamali na kukopeshwa kama mjasiriamali, wakati biashara yake haiwezi kuubeba mkopo huo, mwisho wake ni kuuza mbuzi, sufuria na hata kipande cha shamba ili alipe deni. Kwa hiyo tuelewane kwanza maana ya neno, ndipo tuzungumzie mikopo.

1. Neno na historia yake

Ujasiriamali ni neno lililoundwa kwa maneno mawili: jasiri na mali. Mjasiriamali ni mtu aliye jasiri katika kutafuta mali. Hata hivyo, neno hili halikuwa midomoni mwa watu zamani kama lilivyo leo.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1983. Mwaka huo Serikali iliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na ikatungwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Mtu aliyekuwa akitembeza bidhaa mjini aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini akalime. Baadaye uchumi ulifunguliwa na mtu huyo huyo akaitwa machinga au mfanyabiashara ndogondogo. Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh. 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh. milioni 4 kwa mwaka.

Unaona, ndugu msomaji? Kazi ni ile ile, na sinia la karanga ni lile lile. Jina ndilo lililobadilika, kutoka mlanguzi hadi mjasiriamali. Ni jambo jema kwamba mtu wa kipato cha chini sasa anapewa heshima badala ya kukimbizwa. Lakini heshima ya jina peke yake haibadilishi hesabu za biashara.

2. Wataalamu wanasemaje?

Wataalamu wa uchumi wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Tuwatazame wawili tu.

Wa kwanza ni Richard Cantillon, mtu wa asili ya Ireland aliyefanya biashara ya fedha nchini Ufaransa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, baada ya kifo chake. Kwa mawazo yake, mjasiriamali ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Mkulima wa nyanya wa Kalenga au Ilula atamwelewa mara moja. Bei ya mbegu, mbolea na dawa anaijua, maana ameilipa. Bei ya tenga siku ya kuvuna haijui. Anaweza kukuta nyanya zimejaa sokoni na dalali anamtajia bei isiyorudisha hata gharama ya kuvunia. Anayebeba mashaka hayo ni yeye, si muuza pembejeo.

Wa pili ni Joseph Schumpeter, mchumi wa Austria, aliyeandika mwaka 1911. Yeye alisema kubeba mashaka hakutoshi. Mjasiriamali ni yule anayeleta jambo jipya: bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa kazi. Kwa kipimo chake, mtu wa kumi kufungua duka la sabuni, chumvi na vocha katika barabara moja ni mfanyabiashara, lakini bado hajawa mjasiriamali.

Tukiwaunganisha wawili hawa tunapata maana itakayotusaidia: Mjasiriamali ni mtu anayeona hitaji la watu, anayelitafutia njia mpya au iliyo bora zaidi, na anayekubali kubeba hasara inayoweza kutokea baada ya kuipigia hesabu. Zingatia maneno ya mwisho. Ujasiri usio na hesabu ni kubahatisha. Hata katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa.

3. Nani yumo na nani hayumo?

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iliziweka katika ngazi ya chini kabisa shughuli zenye watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi Sh. milioni 5. Shughuli nyingi za vikundi vyetu zimo humo. Lakini ndani ya ngazi hiyo moja kuna watu wa aina tofauti, na si vyema kuwaweka wote kapu moja.

(a) Anayejikimu. Huyu anafanya biashara ili watoto wale leo. Faida yote inaishia jikoni. Hana kosa lolote. Kulisha familia ni kazi ya heshima. Anachohitaji kwanza ni akiba, bima ya afya na mahali salama pa kuuzia. Mkopo mkubwa unaweza kumwumiza.

(b) Mfanyabiashara. Huyu biashara yake inajiendesha, anaweka kumbukumbu na anapata faida inayobaki. Anafanya yale yanayofanywa na wengine, ila anayafanya vizuri.

(c) Mjasiriamali. Huyu anabadilisha kitu. Anaweza kuwa na mtaji mdogo kuliko wale wawili wa kwanza, maana ukubwa wa mtaji sio kipimo.

Kuna na wengine tunaowasahau. Katibu wa ushirika aliyewashawishi wenzake wauze mazao pamoja badala ya kila mtu peke yake ni mjasiriamali, ingawa hana duka. Kwa upande mwingine, kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya mkopo kutoka, kikagawana fedha na kutawanyika, hakina mjasiriamali ndani yake hata kama katiba yake inasema hivyo.

4. Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mama anayeuza maandazi jirani na hospitali ya Tosamaganga. Tumtaje kwa jina la mama ntilie wetu, na hesabu hizi ni za kujifunzia tu.

Kwa siku anapika maandazi 100 na kuyauza kwa Sh. 200 kila moja. Mauzo ni Sh. 20,000. Unga, sukari, mafuta, hamira na kuni vinamgharimu Sh. 14,000. Zinabaki Sh. 6,000. Akifanya kazi siku 6, kwa wiki anapata Sh. 36,000. Nyumbani anatumia Sh. 4,000 kila siku, yaani Sh. 28,000 kwa wiki. Kinachobaki ni Sh. 8,000.

Sasa anashauriwa kuchukua mkopo wa Sh. 300,000 na kurudisha Sh. 330,000 kwa wiki 12. Rejesho ni Sh. 27,500 kila wiki. Je, Sh. 8,000 inaweza kulipa Sh. 27,500? Haiwezi. Pengo ni Sh. 19,500 kila wiki. Mtu atasema, "Atapika maandazi 200." Sawa, lakini je, kuna wanunuzi wa maandazi 200 pale getini? Wasipokuwepo, ameongeza unga bila kuongeza faida, na atakopa kwingine ili alipe deni la kwanza. Hapo ndipo watu wanapoangukia katika mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu.

Mama huyo huyo akifikiri kijasiriamali ataanza na macho kabla ya fedha. Ataangalia kwamba ndugu wanaouguza wanafika alfajiri na baridi, na wanatafuta uji wa moto kwa ajili ya mgonjwa, wala hawaupati jirani. Kwa Sh. 8,000 zake za wiki chache ananunua chupa moja kubwa ya kutunzia joto na kujaribu kuuza uji kwa wiki mbili huku akiandika mauzo kwenye daftari. Uji ukinunuliwa, ataongeza chupa ya pili. Usiponunuliwa, amepoteza kidogo na amejifunza, na chupa bado anayo. Daftari hilo ndilo litakalomwambia kama anahitaji mkopo na wa kiasi gani.

5. Mfano kutoka Iringa mjini

Mtu anaweza kusema mambo haya ni ya vitabuni. Basi tutazame Neema Crafts. Kazi hii ilianzishwa Iringa mjini mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na Susie Hart kutoka Uingereza. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono. Moja ya malighafi zao ilikuwa kinyesi cha tembo, ambacho kina nyuzi nyingi za majani. Baadaye ziliongezeka kazi za ufumaji, ushonaji na shanga, na ukafunguliwa mgahawa ambao wahudumu wake walikuwa viziwi. Mteja aliandika anachotaka kwenye karatasi na kuhudumiwa.

Tukipima kwa maana tuliyoitoa hapo juu, vipo vitu vipya karibu vyote: malighafi ambayo hakuna aliyeithamini, bidhaa ambayo wageni waendao Hifadhi ya Ruaha wangependa kuinunua, na mpangilio mpya wa kazi ambapo mtu asiyesikia ndiye anayemhudumia mteja. Wengi waliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa ni wa kusaidiwa tu. Hapa walizalisha na kulipwa. Fundisho ni kwamba tusiamue mapema nani anaweza kuwa mjasiriamali kwa kumtazama umbile, elimu au mavazi.

6. Kabla ya kusaini fomu ya mkopo

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeweka utaratibu kwa wakopeshaji na pia kwa vikundi kama VICOBA, ambavyo vinatakiwa kusajiliwa. Ipo pia mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini kumbuka kuwa mkopo usio na riba nao hulipwa. Kwa hiyo kila mwanakikundi ajiulize:

- Kila wiki ninabaki na shilingi ngapi baada ya matumizi ya nyumbani?
- Fedha hii itabadilisha nini katika biashara yangu?
- Nani atanunua, na nimeshamwuliza?
- Mkopeshaji amesajiliwa, na nimesoma mkataba wote?
- Nikipata hasara, nitapoteza kitu gani?

Ukishindwa kujibu maswali mawili ya kwanza, subiri kwanza. Endelea kuweka hisa kwenye kikundi chako. Kusubiri huko nako ni sehemu ya ujasiri.

Nasi tunaoratibu miradi tuna wajibu wetu. Tusihesabu mafanikio kwa idadi ya watu waliokopeshwa, bali tuhesabu waliomaliza kulipa huku biashara zao zikiwa hai.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani anajikimu, nani ni mfanyabiashara na nani ni mjasiriamali? Kila mtu ajipime mwenyewe, asipimwe na mwenzake.
2. Taja hitaji moja hapa kijijini ambalo hakuna anayelihudumia.
3. Kila mmoja aandike mauzo, gharama na matumizi ya nyumbani kwa siku saba, kisha alete daftari katika mkutano ujao.