VIPEPEO WATEMBEAO KWA MIGUU MINNE

Kila mdudu ana miguu sita. Hivyo ndivyo watoto wafundishwavyo shuleni, na ni kweli. Lakini mkazi wa Gatwekera, katika Kibera, akimtazama kwa makini kipepeo wa rangi ya chungwa atuaye juu ya magugu, atahesabu miguu minne tu. Ile miwili ya mbele ni mifupi, ina vinyweleo kama brashi, nayo imekunjwa kifuani. Haifai kwa kutembea, ila jike huitumia kulionja jani kabla ya kutaga mayai.

Hiyo ndiyo alama ya Nimfalide, ukoo mkubwa kupita koo zote za vipepeo, wenye aina zipatazo 6,000. Zamani wataalamu waliugawanya kuwa koo kadha wa kadha. Siku hizi huuhesabu kuwa ukoo mmoja wenye milango kama 12. Mlango uliojitenga kwanza ni ule wa vipepeo wenye kichwa kilichochongoka kama pua ndefu. Madume yao hutembea kwa miguu minne, bali majike hata leo hutumia yote sita! Mwaka 2009 wataalamu, kwa kulinganisha vinasaba, walikadiria kuwa ukoo huu ulianza yapata miaka milioni 90 iliyopita.

Atafutaye undugu kwa rangi atapotea. Yule wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa, huenda akawa Danaus chrysippus, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na ndege wamjua kuwa ni mchungu, tena ana sumu. Lakini yuko na Hypolimnas misippus, wa mlango mwingine kabisa, asiye na sumu hiyo, ambaye jike wake amefanana naye mno. Dume wa huyu ni mweusi mwenye madoa meupe, wala hamwigi mtu. Kufanana huko hakukutokana na undugu wa karibu: vizazi kwa vizazi ndege waliwala wasiofanana na yule mchungu, nao waliofanana wakabaki na kuzaa. Hata Danaus wasio na ncha nyeusi, ambao ni wengi Nairobi, wana waigaji wao.

Tazama bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati. Mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele.