Je, Mtoto Wako Aelewa Asomayo?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twapata habari ya towashi wa Kushi aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Alisoma kwa sauti, hata Filipo akamsikia. Lakini Filipo hakumsifu kwa kusoma vizuri. Alimwuliza kama ayaelewa ayasomayo. Naye towashi, ingawa alikuwa mkubwa katika serikali ya malkia wake, hakuona haya kukiri kwamba ahitaji wa kumwongoza.

Swali hilo twalileta kwa wazazi wote, na hasa kwa wale wa wilaya za Ngara na Biharamulo. Huko watoto wengi huanza kusema kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kisukuma, kisha hujifunza kusoma kwa Kiswahili waingiapo darasa la kwanza. Maneno ya Kiswahili hutamkwa kama yaandikwavyo. Kwa hiyo mtoto aweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama, baba yake akafurahi, kumbe hakuna alichokipata.

Tuchukue mfano. Mtoto wa Rulenge asoma kwamba Juma alipofika gatini, meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga, naye akaketi juu ya mzigo wake akalia. Mwulize Juma alifika wapi, atajibu upesi: "Gatini." Jibu ni sahihi, lakini amelichota tu katika maneno. Mwulize kwa nini Juma alilia, atanyamaza, maana hajapata kuona gati wala meli. Basi mwambie afikiri juu ya mtu afikaye kando ya mto Ruvubu jua likichwa, akakuta mtumbwi wa mwisho umekwisha vuka. Mara atamhurumia Juma.

Twashauri mambo manne. Kwanza, kabla ya kusoma, mtoto atazame kichwa cha habari na picha, aseme adhani habari itahusu nini. Pili, atue kila mwisho wa fungu, wala asiliruke neno gumu: atafute maana yake katika maneno yaliyo jirani, na likimshinda aulize. Tatu, aulizwe "kwa nini", si "nani" na "wapi" peke yake. Nne, afunge kitabu, aeleze habari kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa lugha ya nyumbani. Wako wadhanio kwamba lugha ya nyumbani huharibu Kiswahili. Sivyo. Awezaye kumsimulia bibi yake kwa Kihangaza habari aliyoisoma kwa Kiswahili, huyo ameielewa kweli. Na hapo hata mzazi asiyejua kusoma ni mwalimu, kwani kusikiliza na kuuliza hakuhitaji cheti.

Jambo hili si geni. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera, ulikuwa katika mpango wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vilieleza kazi za wasomaji wenyewe, kama kilimo cha pamba na cha migomba. Mkulima alisoma juu ya jambo alilolijua shambani, na maneno yakapata maana.

Hasara ya kupuuza jambo hili ni kubwa. Asiyeelewa swali la hesabu hukosa jibu, ingawa ajua kujumlisha. Tena, asiyezoea kutafuta maana kwa Kiswahili atafanyaje akutanapo na masomo kwa Kiingereza katika kidato cha kwanza? Nasi Wakristo tujihoji: ni mara ngapi tumeridhika mtoto akijibu katekisimu neno kwa neno, tusimwulize maana yake?

Basi, ndugu wazazi, jioni baada ya sala ya familia, tengeni robo saa. Mtoto asome Injili ya Dominika ijayo au kitabu chake cha shule. Akimaliza, msiseme tu, "Umesoma vizuri." Mwulizeni kama Filipo alivyouliza, kisha mketi naye garini.