Muhuri wa Risasi katika Nguo

Anunuaye jora la nguo huona upande wa nje tu. Ya ndani hayaoni mpaka amekwisha kulipa. Kwa sababu hiyo watu wa Ulaya walitumia zamani muhuri wa risasi, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ulivyofanya kazi.

Muhuri huo ulikuwa vibati viwili vya mviringo vilivyoungwa kwa ukanda mwembamba. Kimoja kilikuwa na ncha, cha pili kilikuwa na tundu. Mkaguzi alipokwisha kupima nguo, aliipitisha ncha katika pindo, akaiingiza tunduni, kisha akagonga chapa. Risasi ni laini, hupokea alama upesi. Wala muhuri haukuweza kuhamishiwa nguo nyingine bila ya kuharibika. Huko Uingereza, Magna Carta ya mwaka 1215 ilitaja upana mmoja wa nguo kwa nchi nzima, na ukaguzi wa mihuri ulidumu mpaka 1724. Lakini baadhi ya wakaguzi waliuza mihuri bila ya kutazama nguo, na hapo muhuri haukuwa na maana tena.

Na huku kwetu je? Katika karne ya 19 misafara ilileta merikani mpaka Usukuma, kando ya ziwa. Nguo hiyo ilipata jina kwa Marekani, iliyofanya mapatano ya biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Dhamana yake ilikuwa chapa ya kiwanda. Vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 vilipoipunguza, zilizidi nguo za Uingereza na Bara Hindi. Nyingine zilitiwa kanji nyingi zionekane nzito, na zikifuliwa zalegea. Tena doti ilikuwa mikono 8, na mkono wa mfupi si sawa na mkono wa mrefu.

Baadaye wenyeji wa ziwa wakawa wauza pamba. Katika miaka ya 1950 walinung'unikia mizani za wanunuzi. Na hiyo ni sababu moja iliyoleta vyama vya ushirika, vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions.

Basi, mkulima, kabla hujapimiwa, tazama lakiri ya Wakala wa Vipimo katika mizani. Nawe tenga pamba safi na fifi, wala usitie maji au mchanga. Maana yule anunuaye gunia lako naye haoni ndani.